Utenzi wako wa kwanza: mwongozo kamili wa kuuanza kwa dua na kuufikisha tamati, hata moyo ukisita

Wanaotaka kutunga utenzi, shairi refu la beti za mishororo (mistari) minne minne, kwa mara ya kwanza hukwama karibu wote mahali pamoja. Beti tatu za mwanzo hutoka kwa furaha, wa nne unasuasua, na kufika wa tano au wa sita mtu anarudi kusoma tangu juu, anaguna, anajiambia "haya si mashairi", ukurasa unachanwa. Baada ya mwezi anaanza mwingine, nao unachanwa palepale. Ukimwuliza atakwambia hana kipaji. Mimi huona jambo jingine kabisa: kaanza bila dibaji, na tamati hakuikusudia.

Utenzi, kuliko tungo nyingine nizijuazo, umemtengea mtunzi mahali pa kuitua hofu yake. Mwanzoni anamwomba Mungu msaada waziwazi, msomaji akisikia. Mwishoni anakiri kwamba makosa yapo na anaomba arekebishwe. Siku hizi sehemu hizo mbili zinarukwa, zikidhaniwa ni mapambo ya kizamani, kisha mtunzi anabaki na hofu yote mikononi katikati ya kazi.

Mwongozo huu unakupeleka hadi utenzi mzima wa beti 40, kwa nusu saa kila siku. Ukifuata hatua kwa mpangilio, ni kazi ya wiki sita hivi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la kushonwa. Karatasi moja moja na madaftari ya waya huchanika kirahisi mno, na shida yako ni hiyohiyo ya kuchana.
- Kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, libaki likisomeka. Neno ulilolifuta Jumatatu huenda ukalihitaji Alhamisi.
- Kamusi moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha.
- Simu yenye kinasa sauti. Utaihitaji hatua ya tisa. Kabla ya hapo iweke chumba kingine.
- Nusu saa isiyoguswa. Baada ya sala ya Alfajiri, au kabla watoto hawajaamka, au baada ya kufunga duka. Saa ileile kila siku.
- Msikilizaji mmoja. Mtu anayekupenda kiasi cha kukusikiliza hadi mwisho na asiyekuogopa kiasi cha kukudanganya. Mume au mke mara nyingi hafai kwa kazi hii, lakini mnajuana wenyewe.

Cheti cha fasihi hakimo katika orodha, wala kompyuta, wala ujuzi wa Kiamu, lahaja ya Lamu.

## Hatua ya 1: Itaje hofu yako kwa jina

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari uandike sentensi moja: "Naogopa kutunga kwa sababu..." Imalizie. Usiandike "sijiamini", maana hilo halikuambii chochote cha kufanya. Andika sababu yenyewe. Nilizozisikia mara nyingi ni nne, na kila moja ina dawa yake.

"Kiswahili changu si cha mwambao." Hii inawasumbua sana watu wa bara, na hata vijana wa mjini waliokulia Mombasa au Dar. Dawa: tunga kwa Kiswahili unachokiota usingizini. Ukianza kupachika "mato" (macho) na "nde" (nje) ulizozisoma kwa watunzi wa zamani bila kuishi nazo, msomaji wa Lamu atakujua kabla ya ubeti wa pili kwisha, na msomaji wa Dodoma hatakuelewa. Utakuwa umewakosa wote wawili.

"Dini haipendi washairi." Waislamu wengi hubeba wasiwasi huu kwa sababu wamesikia nusu ya maneno. Soma Sura ya Ash-Shuaraa, aya ya 224 hadi ya 227, uzisome zote nne. Zinawataja washairi wanaofuatwa na wapotovu, wasemao wasiyoyatenda, kisha zinawatoa walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mungu kwa wingi. Watu hukomea katikati.

"Nitaonekana najionyesha." Hofu ya riya ni hofu njema, na usiidharau. Lakini inahusu nani atakusifu, haihusu kama utunge. Utaishughulikia hatua ya 2 na ya 10, kwa kumwandikia mtu mmoja na kuanza kwa msikilizaji mmoja. Mkristo anayejificha nyuma ya unyenyekevu aisome tena Mathayo 25, habari ya mtumwa wa talanta moja. Sababu anayompa bwana wake ya kuifukia ardhini ni kwamba aliogopa. Haikukubaliwa.

"Ulimi wangu mzito, maneno hayaji." Huyu anaye mwenziwe mkubwa, na tutamfikia kwenye hatua ya 6.

*Dalili kwamba hatua imekaa:* sentensi yako ina sababu inayoweza kujibiwa. "Naogopa shemeji yangu mwalimu atacheka ngeli zangu" ni sentensi nzuri kabisa. Sasa unajua kwamba shemeji si wa kusomewa kwanza, na kwamba ngeli utazipitia mwishoni.

## Hatua ya 2: Mchague mtu mmoja wa kumwandikia

Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na alimwandikia binti yake. Anaanza kwa kumwita asogee karibu, na alete wino na karatasi. Hakuwa akiwahutubia Waswahili wote, na labda ndiyo sababu Waswahili wote wanausoma mpaka leo.

Nawe andika jina la mtu mmoja chini ya ile sentensi ya hofu. Mdogo wako aliye Muscat kikazi. Bibi yako. Mtoto ambaye hajazaliwa. Kila unapokwama, swali la "watu watasemaje?" liache, uulize "nimwambieje huyu?" Swali la pili lina jibu.

Tahadhari: usimchague marehemu katika utenzi wa kwanza ikiwa msiba bado mbichi. Utalia, hutaandika. Utenzi huo utakuja kwa wakati wake.

## Hatua ya 3: Chagua kisa, uiache mada

Mada ni "umuhimu wa mama". Kisa ni mama fulani alivyosomesha watoto kwa vitumbua. Mada ndiyo inayoua tenzi nyingi za wanaoanza, na inaua kwa ujanja, kwa sababu mizani (idadi ya silabi) zinaweza kukaa sawa na vina (silabi za mwisho wa mistari) vikalingana huku hakuna kitu ndani. Tazama huu:

*Mama ni mtu muhimu,*
*kulea ni jambo gumu,*
*tumpende na kudumu,*
*sote tukimsifia.*

Hesabu haina kosa. Ila hakuna mama humo. Mtunzi akiusoma anahisi ubaridi, na badala ya kuilaumu mada anajilaumu mwenyewe. Sasa huu, wa mtu mmoja na asubuhi moja:

*Aliamka mapema,*
*jikoni akachutama,*
*kifua kikimuuma,*
*nasi tukijilalia.*

Hakuna sifa hata moja, wala neno "upendo" halimo. Msomaji atalitia mwenyewe.

Kwa hiyo andika kwa nathari, maneno ya kawaida, matukio manane ya kisa chako. Kila tukio mstari mmoja: aliamka, alikaanga, alirudi jioni, alihesabu ada, aliugua, tulifanya mtihani, na kuendelea. Kila tukio litapewa beti nne. Manane mara nne ni beti 32. Ongeza nne za dibaji na nne za tamati, unapata 40. Ramani ni hiyo tu, na ubandike mahali utakapoiona.

Kama kisa chako kinahusu Mitume, hadithi za Mtume au Maandiko, mpelekee ramani hii mtu wa elimu, ustadhi au katekista, kabla hujaandika ubeti. Ni rahisi kurekebisha mstari mmoja wa nathari kuliko beti nne zilizokwisha kulingana.

## Hatua ya 4: Zoeza sikio mizani nane

Kwa kawaida kila mshororo wa utenzi una mizani nane, na mizani ni silabi. Hapa ndipo wengi hutishika bure, wakidhani ni hesabu ya wataalamu. Ni ya vidole. Weka vidole vinane mezani, sema mshororo polepole, kunja kidole kwa kila silabi.

Ka-ru-di kwe-tu ji-o-ni. Nane.

Mambo ya kuangalia ni machache:

Irabu mbili zikifuatana zinahesabiwa mbili. *Dua* ni du-a. *Kifua* ni ki-fu-a. *Kikimuuma* ni ki-ki-mu-u-ma.

M inayosimama peke yake mbele ya konsonanti inahesabiwa: m-to-to, a-m-ka, m-ke-ka-ni. Lakini *mb*, *nd*, *ng*, *nj* na *nz* mara nyingi hushikamana na irabu inayofuata: mbe-gu, ndo-to, ngu-o. Maneno mafupi kama *nchi* na *nne* yana mizani mbili kila moja.

Pengine maana ndiyo huamua. *Mbuni*, yule ndege, ni mizani mbili. *Mbuni*, mtu aliyebuni kitu, ni tatu. Sikio lako linalijua hilo tayari hata kama hukuwahi kuambiwa. Litamke tu.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zinazogongana, kama *labda*, *daktari* na *sultani*, watunzi huyahesabu kwa namna tofauti. Katika utenzi wa kwanza yaepuke. Ukilazimika kulitumia, chagua hesabu moja uishike hadi mwisho.

Fanya zoezi hili kwa siku tano: kila siku andika mishororo kumi ya mizani nane kuhusu kitu chochote kilicho mbele yako. Bila vina na bila maana kubwa. "Jirani afua nguo." "Muuza maji kapita." Ni kazi ya kipuuzi kidogo, na ndiyo maana inafaa, kwa sababu hakuna anayeogopa kuharibu upuuzi.

*Dalili:* siku ya nne au ya tano utaanza kusikia mshororo wenye mizani tisa kabla hujauhesabu. Utakuudhi. Ukifika hapo, vidole umemaliza navyo.

## Hatua ya 5: Chagua kina cha bahari

Katika kila ubeti mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, kinachobadilika ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne una kina kisichobadilika tangu dibaji hadi tamati. Hicho ndicho kina cha bahari, na ukikikosea utakijutia kwenye ubeti wa kumi na tano.

Chukua *-ia*. Vitenzi vingi, hasa vya kutendea, vinakupa akiba isiyokwisha: kusikia, kutumia, kuwasilia, kuhesabia, kurudia, kujilalia. Mimi nampa kila anayeanza kina hiki, na sioni sababu ya kutafuta kingine. Ukiking'ang'ania kingine, andika kwanza maneno thelathini yanayoishia nacho. Ukikwama kwenye kumi na mbili, kiache.

Tahadhari: *-ea* na *-ia* si kina kimoja. *Kuombea* hakilingani na *kusifia*, hata ukiimba kwa haraka.

## Hatua ya 6: Andika dibaji, na hofu yako uitie humo

Kabla ya kushika kalamu, omba. Kama hujui uombe nini, liombe alilopewa Musa, ambaye Waislamu na Wakristo wanamjua kwa ulimi wake mzito. Katika Sura ya Taha, aya ya 25 hadi ya 28, anaomba kifua chake kikunjuliwe, jambo lake lirahisishwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe, apate kueleweka. Katika Kutoka 4, mstari wa 10 hadi wa 12, anajitetea kwamba si msemaji, na anaahidiwa kwamba atafundishwa la kusema. Katika vitabu vyote viwili hakuruhusiwa kubaki nyumbani. Alipewa Haruni wa kumsaidia, akaambiwa aende.

Kisha andika. Ubeti wa kwanza ni wa jina la Mungu na ombi. Wa pili, itie ile sentensi ya hatua ya 1, hofu yenyewe, ndani ya mizani. Wa tatu, mwite mtu wako wa hatua ya 2. Wa nne, sema utasimulia nini. Mfano wa ubeti wa kwanza:

*Kwa jina lako Rabana,*
*hofu yangu waiona,*
*nisaidie kunena*
*yote niliyonuia.*

Mkristo anaweza kuanza kwa "Baba uliye mbinguni", mshororo wenye mizani nane kamili, akaendelea na kina cha *-ni*.

Kwa nini hofu iandikwe ndani ya utenzi badala ya kufichwa? Kwa sababu usipoiandika itakaa pembeni ikikunong'oneza hadi ubeti wa sita. Ikishaandikwa imekwisha kusemwa, na tena imesemwa kwa Mwenye uwezo nayo.

Sasa neno la ukali kidogo. Kuna anayeomba ili aanze kazi, na kuna anayeomba ili asiianze. "Nitaandika Mungu akinijaalia" ni maneno ya heri kwa aliyekwisha kufungua daftari. Yanayosemwa mwaka wa tatu na daftari halijanunuliwa ni uvivu uliovaa kanzu. Dua ya dakika mbili inatosha. Kwa Mwislamu anayetaka kuswali istikhara, swala ya kuomba mwongozo, aiswali kabla ya hatua ya 1, na akishaamua asiirudie kila asubuhi.

*Dalili:* beti nne zipo, na ukizisoma kwa sauti unasikia mtu anayeomba kweli, hata kama vina vimeyumba.

## Hatua ya 7: Beti mbili kwa siku, bila kurudi nyuma

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu, basi tukae nayo.

Sheria ni moja. Siku ya kuandika si siku ya kusahihisha. Ukifungua daftari, soma ubeti wa mwisho wa jana, huo mmoja tu, upate kujua ulipofika, kisha endelea. Beti za nyuma zifunike kwa karatasi ukihitaji, au zibane kwa klipu. Anayechana ukurasa siku zote ni msomaji. Mwandishi hana muda huo. Ukimnyima yule msomaji wa ndani nafasi ya kusoma, hana cha kuchana.

Andika beti mbili, kisha funga. Hata kama maneno yanamiminika, ishia mbili. Ukiacha ukiwa bado una hamu, kesho utarudi mwenyewe. Ukijikamua hadi saba leo, kesho utalikimbia daftari. Siku tano kwa wiki, ukiacha mbili za mapumziko na ibada, ni beti kumi. Wiki nne, arubaini, pamoja na dibaji na tamati.

Ukikwama kwenye mshororo, fanya hivi kwa mpangilio. Sema kwa nathari unachotaka kusema: "alirudi nyumbani jioni". Hesabu: mizani kumi. Punguza. Kwa watunzi, "alirudi" huwa "karudi". "Nyumbani" iwe "kwetu". *Karudi kwetu jioni*, nane. Kisha tafuta maneno matatu manne yenye *-ni* yaliyomo ndani ya tukio lenyewe, vitu vilivyokuwapo pale: kibindoni, mkekani, mezani, mfukoni. Vitu ndivyo vitakavyokupa ubeti:

*Karudi kwetu jioni,*
*senti zake kibindoni,*
*kazimwaga mkekani,*
*ada kutuhesabia.*

Kina hakikuvuta maana pembeni, kwa sababu kibindo na mkeka vilikuwemo katika kisa. Kina kinachotoka kwenye kamusi badala ya kwenye kisa husikika mara moja, kama kiatu cha kuazima.

Ruhusa za mtunzi zipo na zina majina: inkisari ya kufupisha, kama "kwanzia" kwa "kuanzia", mazida ya kurefusha, kama "enenda" kwa "enda", tabdila ya kubadili sauti. Zitumie kama chumvi ya mgonjwa. Inkisari moja katika ubeti inapita bila kuonekana. Tatu zinamfanya msomaji atafute maana badala ya kukusikiliza.

Ikiwa dakika kumi zimepita na mshororo haujakaa, andika wowote wa mizani nane, hata wa hovyo, weka nyota pembeni, endelea. Ubeti mbovu wenye nyota una thamani kuliko nafasi tupu, maana nafasi tupu ndiyo inayokwambia huna kipaji.

Na siku utakayoruka? Utaruka, kuna wageni, kuna homa, kuna umeme kukatika. Siku inayofuata andika mbili, si nne. Hakuna deni la kulipa.

Tahadhari kubwa: usimsomee mtu yeyote katika wiki hizi nne. Sifa itakufanya uogope kuharibu, na lawama itakufanya uache. Msikilizaji wako asubiri.

## Hatua ya 8: Andika tamati kabla ya kusahihisha

Ukimaliza matukio manane, kishawishi kitakuja cha kurudi juu "kurekebisha kidogo" kabla ya kufunga. Kikatae. Andika beti nne za tamati kwanza: wa kushukuru, wa kuomba radhi kwa makosa, wa kutaja jina lako, na wa mwisho wa kumwombea uliyemwandikia.

*Wasomaji, nambieni,*
*kosa mkiona ndani,*
*msiniache gizani,*
*nami nitaitikia.*

Ukishaandika ubeti huo huna tena sababu ya kuogopa kosa, maana umekwisha kulikaribisha. Jina lako litaje bila kuona haya, hata kama unaliona dogo. Chini yake andika tarehe na idadi ya beti, kama ilivyo desturi.

*Dalili:* unao utenzi mzima. Una nyota ishirini pembeni, pengine zaidi, lakini una kichwa na miguu. Funga daftari siku tatu.

## Hatua ya 9: Ughani, urekodi, ndipo urekebishe

Utenzi ni wa koo kabla ya kuwa wa macho. Chukua mahadhi yoyote unayoyajua ya kughania tenzi, jifungie chumbani, ughani wote kutoka mwanzo hadi mwisho mbele ya kinasa sauti. Ukikosea endelea.

Kisha sikiliza ukiwa na daftari na kalamu ya rangi nyingine. Utaona mambo matatu. Kuna pale ulipoharakisha kumeza silabi: mizani zimezidi. Kuna pale ulipovuta irabu ili ufike: zimepungua. Na kuna pale sauti yako ilipopoa bila sababu: hapo uliandika usichokijali. Makosa mawili ya kwanza yatengeneze. La tatu, futa ubeti mzima uandike mwingine kutoka kwenye kisa.

Nyota zako zishughulikie sasa, tano kwa siku. Ngeli na tahajia ziwe za mwisho kabisa, kwa kamusi. Raundi mbili za kurekebisha zinatosha. Ya tatu huwa ni woga umerudi kwa mlango wa nyuma, umevaa nguo za umakini.

## Hatua ya 10: Utoe mkononi

Mghanie msikilizaji wako. Ughani, usimpe karatasi asome, kwa sababu mwenye karatasi hutafuta makosa na mwenye masikio hufuata kisa. Usianze kwa kujitetea, "ni kitu kidogo tu nimejaribu". Radhi umeshaiomba kwenye tamati, hiyo inatosha.

Akimaliza kusikiliza, muulize maswali mawili: "Wapi ulipotea?" na "Nini unakikumbuka?" Usiulize kama ni mzuri. Atakachosema kiandike bila kubishana, ulale nacho, kisha badilisha tu kile ambacho asubuhi bado unakiona ni kweli.

Baada ya hapo mpe mwenyewe, yule wa hatua ya 2. Kwa aliye mbali, sauti ya kurekodi kwenye simu inafika vizuri kuliko maandishi.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, gazeti la Taifa Leo la Kenya limekuwa likichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na Tanzania kuna UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule na vyuo huandaa hafla ambazo waghani hukaribishwa. Maulidi, jubilei ya parokia, harusi ya jirani, zote zina nafasi ya dakika tano. Chagua beti kumi na mbili zinazosimama peke yake, usiwaghanie wageni arubaini zote wakati pilau inapoa.

Ukikataliwa na mhariri, weka barua au ujumbe wake ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule wa kwanza wenye sentensi ya hofu. Kisha fungua ukurasa mpya, andika jina la mtu mwingine, na matukio manane chini yake.